Bunge la Uingereza na Swali la Samaki wa Bahari: Toka Tume ya 1863 hadi Sheria ya 2020

1. Utangulizi

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Hakuna abishaye methali hii ikiwa ameona gogo likichanjwa, kwani gogo liko mbele ya macho na kila bandu linaloanguka huonekana. Bahari haina sifa hiyo. Samaki wake hawaonekani wala hawahesabiki kwa macho, na yule anayevua leo hawezi kujua amempunguzia kiasi gani atakayevua kesho. Ndiyo maana swali la kama samaki wa bahari wanaweza kwisha halikuweza kubaki mikononi mwa wavuvi peke yao. Lilihitaji ushahidi, lilihitaji vipimo, na lilihitaji mwamuzi. Katika Uingereza ya karne ya 19 mwamuzi huyo alikuwa Bunge.

Makala haya yanafuata historia ya uchunguzi huo, tangu tume iliyoundwa mwaka 1863 hadi sheria ya uvuvi iliyopitishwa mwaka 2020. Nchi hiyo inastahili kuangaliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko bahari ilikoanza mapema kuvuliwa kwa mitambo ya mvuke, na kwa hiyo ndiko lawama za upungufu zilikosikika mapema. Pili, wataalamu waliolelewa na mabishano hayo walifika baadaye hata kwenye maji ya Afrika ya Mashariki, wakaacha huko alama ambayo haijafutika.

Hoja inayotetewa hapa ni hii: Bunge la Uingereza halikukosa kuuliza. Liliuliza sana, tena mara nyingi. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mambo mawili, yaani kipimo kinachofaa, na uamuzi wa wazi juu ya nani abebe mzigo wa kuthibitisha: yule anayelalamika kwamba bahari inaharibiwa, au yule anayeendelea kuivua.

2. Ugomvi wa mshipi na wavu

Katikati ya karne ya 19 reli ziliunganisha bandari kama Hull na Grimsby na miji mikubwa ya viwanda. Samaki aliyewekwa kwenye barafu aliweza kufika sokoni akiwa bado mbichi, na watu wa mijini, waliokuwa wakiongezeka kila mwaka, wakawa wanunuzi wake. Mashua za tanga zenye nyavu za kukokota, ambazo awali zilikuwa nyingi zaidi kusini mwa nchi, zilihamia Bahari ya Kaskazini. Wavu wao ulikuwa mfuko mkubwa ambao mdomo wake ulishikiliwa wazi na boriti ndefu ya mti, nao uliburutwa juu ya sakafu ya bahari ukikusanya kila ulichokikuta.

Kwenye pwani ya kaskazini-mashariki walikuwako wavuvi wa namna nyingine, waliotega mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Hao walitoa malalamiko matatu. Walisema kwamba nyavu za kukokota zinakata mishipi yao. Kwamba zinaua samaki wachanga wasio na thamani sokoni. Na kwamba zinaponda mayai ya samaki yaliyolala chini. Malalamiko hayo yalifika Bungeni, na mwaka 1863 ikaundwa tume ya kifalme ya kuchunguza uvuvi wa bahari. Wajumbe wake walikuwa watatu: James Caird, mtaalamu wa mambo ya kilimo, George Shaw-Lefevre, mwanasiasa kijana, na Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia ambaye jina lake lilikuwa limekwisha vuma kwa kuitetea nadharia ya Darwin.

Tume ilipewa maswali ambayo, hata leo, yanaweza kuandikwa juu ya mlango wa kamati yoyote inayochunguza uendelevu wa uvuvi. Je, samaki wanaopatikana wanaongezeka, wamesimama palepale, au wanapungua? Je, ziko njia za uvuvi zinazoharibu samaki na mayai bure? Je, sheria zilizopo zinawazuia wavuvi pasipo faida? Wajumbe walizunguka bandari na vijiji vya pwani, wakauliza maswali zaidi ya 60,000, na majibu yakapigwa chapa. Ni vigumu kuitaja serikali nyingine ya wakati ule iliyowasikiliza wavuvi wake kwa wingi namna hiyo.

Taarifa ilitoka mwaka 1866. Ilisema kwamba samaki hawapungui. Bali wanaoletwa sokoni wanazidi. Ilisema kwamba wavu wa kukokota ndio unaolisha miji, na kwamba sheria zinazozuia uvuvi wa bahari kuu zifutwe. Mwaka 1868 Bunge lilipitisha sheria iliyofuata ushauri huo, na vizuizi vya zamani vikaondolewa.

3. Dalili ya kweli, sababu isiyo ya kweli

Ni rahisi kuicheka tume ile leo. Lakini msomaji mwenye haki atatazama ilivyofikiri. Sheria nyingi ilizozifuta zilikuwa za ovyo: zilitungwa kwa nyakati mbalimbali, zilipingana, na mara nyingi zilimwadhibu mvuvi maskini bila kumwokoa samaki hata mmoja. Isitoshe, tume ilipowataka wavuvi wa mishipi wathibitishe jinsi mayai yanavyopondwa, hawakuweza. Na kwa kweli hawangeweza, kwa maana katika miaka ileile, katika visiwa vya Lofoten huko Norwe, mtaalamu G. O. Sars aligundua kwamba mayai ya baadhi ya samaki wakubwa wa biashara hayalali chini kabisa, bali huelea karibu na uso wa maji. Heringi hutaga chini, lakini samaki wengi waliogombaniwa hawafanyi hivyo.

Hapa pana fundisho la kwanza. Wavuvi wa mishipi walikuwa wameona dalili ya kweli, yaani kupungua kwa samaki katika maeneo yao, wakaieleza kwa sababu isiyo ya kweli. Tume iliivunja sababu, ikadhani imeivunja na dalili pamoja nayo. Kosa hilo la kufikiri ni la kawaida mahali popote ambapo msomi anamhoji mtu asiyesoma: maelezo yanapokataliwa, ushuhuda wenyewe nao hutupwa.

Fundisho la pili linahusu kipimo. Wakati huo nchi ya England haikuwa na hesabu rasmi za samaki wanaoshushwa bandarini. Tume ililazimika kutegemea kumbukumbu za watu, vitabu vya reli na habari za wauzaji. Habari hizo zilionyesha jumla, nayo jumla ilikuwa inapanda. Lakini idadi ya mashua ilikuwa inapanda pia, nyavu zilikuwa zinapanuka, na vyombo vilikuwa vinakwenda mbali zaidi kila mwaka. Jumla inaweza kuongezeka huku kila chombo kikipata kidogo kuliko jana. Mchungaji anayehesabu ndoo za maziwa bila kuhesabu ng'ombe hawezi kujua kama ng'ombe wake wananenepa au wanakonda.

Kiswahili kinasaidia kuliona tatizo hili waziwazi, kwa kuwa kinatenganisha vitenzi ambavyo ubishi ule uliviunganisha. Kitu chaweza kupungua kisikwishe. Kitu chaweza kufukarika, yaani kubaki kipo lakini hakimfai tena mwenye nacho. Swali la karne ya 19 lilitawaliwa na neno «kwisha». Maadamu samaki hawakwishi, ilidhaniwa kwamba hakuna tatizo. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa neno «kufukarika» kushika nafasi yake.

4. Huxley mwaka 1883

Mwaka 1883 maonyesho makubwa ya kimataifa ya uvuvi yalifanyika London. Huxley, ambaye tangu 1881 alikuwa mkaguzi wa uvuvi wa serikali, alitoa hotuba ya ufunguzi. Ndani yake alisema kwamba uvuvi mkubwa wa bahari, kama ule wa heringi na makareli, yaelekea hauwezi kumalizwa na binadamu. Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: samaki hao ni wengi mno, na wanaoliwa na maadui wao wa asili ni wengi kupita wanaovuliwa, hata sehemu ya mvuvi haionekani. Ya pili: samaki wakipungua mahali fulani, uvuvi utakosa faida kabla hawajakwisha, wavuvi wataondoka, na bahari itapona yenyewe.

Inafaa kusema kwamba Huxley hakusema ovyo. Alikubali kwamba samaki wa mito, kama samoni, na vitanda vya chaza vinaweza kumalizwa, na kauli yake juu ya bahari aliifunga kwa sharti: aliongea juu ya njia za uvuvi zilizokuwako wakati ule. Bahati mbaya ni kwamba wakati huo ulikuwa umeanza kupita. Mnamo 1881 na 1882 meli za kwanza za mvuke zilizojengwa makusudi kwa kukokota nyavu zilianza kazi kutoka Grimsby. Meli ya mvuke haingoji upepo. Katikati ya miaka ya 1890 ukaja wavu mpya usio na boriti, ambao mdomo wake hufunguliwa na mbao mbili zinazosukumwa na maji, na uwezo wa kuvua ukapanda tena. Sharti likasahauliwa, kauli ikakumbukwa.

Hoja ya pili nayo ilikuwa na ufa. Ni kweli kwamba mvuvi huondoka panapokosa faida. Lakini faida haitokani na wingi wa samaki tu. Inatokana pia na bei. Samaki wakiadimika bei hupanda, na bei ikipanda chombo kinaweza kuendelea kuvua mahali ambapo zamani kingeondoka. Tena aliyenunua meli ya mvuke kwa mkopo hawezi kuiacha bandarini. Soko, ambalo Huxley alilitegemea kuwa breki, laweza kugeuka kuwa mjeledi.

Katika maonyesho yayo hayo E. Ray Lankester alimpinga. Mwaka uliofuata, 1884, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha elimu ya viumbe vya bahari, ambacho maabara yake ilifunguliwa Plymouth mwaka 1888. Hivyo ndivyo ubishi mmoja ulivyoizalia Uingereza taasisi ya sayansi.

5. Kamati zilizokiri na kuahirisha

Tume nyingine ya kifalme, chini ya Earl wa Dalhousie, ilifanya kazi toka 1883 hadi 1885. Safari hii hawakuulizwa wavuvi peke yao. Profesa W. C. McIntosh wa St Andrews alitumwa baharini kwenda kutazama ni nini hasa kinachoingia wavuni. Alithibitisha kwamba madai ya kupondwa kwa mayai hayakuwa na msingi mkubwa. Hata hivyo tume ilikubali kwamba katika maeneo fulani ya karibu na pwani samaki bapa, jamaa ya wale ambao watu wa pwani ya Waswahili huwaita gayogayo, walikuwa wamepungua. Ilidai zipatikane takwimu na majaribio. Tangu hapo England ilianza kukusanya hesabu rasmi za samaki wanaoshushwa, na Skotlandi ikafunga baadhi ya ghuba zake kwa nyavu za kukokota ili kulinganisha maji yaliyovuliwa na yasiyovuliwa.

Mwaka 1893 Baraza la Makabwela liliunda kamati teule. Jambo la kushangaza lilitokea mbele yake. Safari hii waliolalamika hawakuwa wavuvi wa mishipi. Walikuwa wenye mashua za kukokota wenyewe, watu wa Hull na Grimsby, ambao miaka 30 kabla walikuwa washtakiwa. Walieleza jinsi maeneo ya Bahari ya Kaskazini yaliyowatajirisha yalivyokuwa yamekonda, na jinsi vyombo vyao vilivyolazimika kwenda hadi Aislandi. Ushuhuda wa namna hii hauwezi kuitwa wivu, maana shahidi alikuwa anashuhudia dhidi ya kazi yake mwenyewe. Kamati ilikubali kwamba samaki bapa wamepungua, ikapendekeza kuwekwe ukubwa wa chini ambao samaki aliye chini yake asiuzwe.

Miswada ikaletwa, ikaanguka. Ikaletwa tena. Mwaka 1900 mswada mmoja ulipelekwa mbele ya kamati teule nyingine, nayo ilikuwa na kitu ambacho hakuna kamati iliyotangulia ilikuwa nacho: kipimo. Mwaka huohuo Walter Garstang wa maabara ya Plymouth alitoa uchunguzi wake juu ya kile alichokiita ufukara wa bahari. Garstang aliacha kuuliza ni samaki wangapi wanaoletwa sokoni. Aliuliza ni wangapi wanaoletwa kwa kila kipimo cha nguvu ya uvuvi. Kwa kuwa meli moja ya mvuke ilivua kiasi cha mashua kadhaa za tanga, aligeuza vyombo vyote kuwa hesabu ya mashua za tanga, kisha akagawanya jumla ya samaki kwa hesabu hiyo. Jibu lilikuwa zito: kati ya 1889 na 1898 pato la kila kipimo lilishuka kutoka tani 60 hivi kwa mwaka hadi tani 32 hivi. Jumla ilikuwa imepanda kidogo, lakini kila mvuvi alikuwa anapata karibu nusu ya alichopata miaka kumi nyuma.

McIntosh, katika kitabu alichokitoa mwaka 1899, alikuwa ameshikilia upande mwingine. Kwa maoni yake majaribio ya Skotlandi hayakuonyesha kwamba kufunga maji kuliongeza samaki, na utajiri wa bahari ulikuwa salama. Kwa hiyo Bunge lilijikuta mbele ya wanasayansi wawili wa heshima wasiokubaliana.

Kamati ya 1900 iliamua nini? Ilikiri kwamba upungufu ni jambo la haraka na kwamba hali inazidi kuwa mbaya. Kisha ikakataa kupendekeza mswada upite, ikataka uchunguzi zaidi. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Samaki mchanga anayetupwa tena baharini mara nyingi amekwisha kufa. Tena nje ya maili tatu za pwani bahari ilikuwa huru kwa mataifa yote, na sheria ya Uingereza haingemfunga Mholanzi wala Mjerumani. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mgonjwa alitambuliwa kuwa mgonjwa, akaambiwa arudi nyumbani angoje dawa itafutwe.

6. Toka kipimo hadi sheria

Dawa ilitafutwa kweli. Mwaka 1902 nchi 8 za Ulaya ya kaskazini, Uingereza ikiwamo, zilianzisha huko Copenhagen baraza la kimataifa la uchunguzi wa bahari, ambalo hadi leo hutoa ushauri juu ya hali ya akiba za samaki. Mwaka huohuo maabara ilianzishwa Lowestoft, na Garstang akapewa kuiongoza.

Kisha vita vikafanya jaribio ambalo hakuna Bunge lingethubutu kuliamuru. Kati ya 1914 na 1918 sehemu kubwa ya Bahari ya Kaskazini haikuvuliwa. Amani iliporudi, wavuvi walikuta samaki wengi na wakubwa kuliko walivyowaacha. Na baada ya miaka michache ya kuvua kwa nguvu, hali ikarudi ilikokuwa. Bahari ilikuwa imejibu yenyewe swali la 1863. Mwaka 1931 E. S. Russell aliliweka jibu hilo katika hesabu fupi: akiba ya samaki huongezwa na mambo mawili, wachanga wanaoingia na ukuaji wa waliomo, na hupunguzwa na mambo mawili, vifo vya asili na uvuvi. Pande mbili zikilingana, akiba husimama. Upande wa pili ukizidi, hupungua.

Mwaka 1933 Bunge lilipitisha hatimaye sheria iliyoruhusu kuwekwa ukubwa wa matundu ya nyavu na ukubwa wa chini wa samaki wa kuuzwa. Kati ya pendekezo la kamati ya 1893 na sheria hiyo ilipita miaka 40. Mvuvi kijana aliyetoa ushahidi akiwa na miaka 25 alikuwa na miaka 65 sheria ilipopita, kama alikuwa bado hai.

7. Toka Lowestoft hadi Nyanza

Miongoni mwa wataalamu wa Lowestoft alikuwamo Michael Graham. Katika miaka ya 1927 na 1928 alitumwa kuchunguza uvuvi wa Ziwa Viktoria. Huko alikuta historia ya Bahari ya Kaskazini ikijirudia kwa kasi. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Miaka michache baadaye nyavu za kutega kutoka Ulaya zilianza kutumika katika ghuba yake. Na samaki aliyependwa kuliko wote, ngege, alikuwa anapungua kwa kila wavu. Graham ndiye aliyempa samaki huyo jina lake la kisayansi, esculenta, neno la Kilatini lenye maana ya «afaaye kuliwa». Alipendekeza nyavu zenye matundu yaliyo chini ya inchi 5 zikatazwe, na katika miaka ya 1930 katazo hilo likawekwa.

Jambo la kuangaliwa ni tofauti ya utaratibu. Wavuvi wa Grimsby walikuwa wameulizwa maswali kwa maelfu na majibu yao yakapigwa chapa. Wavuvi wa Nyanza, Waluo, Wasukuma, Waganda na wengine, hawakuwa na Bunge la kuwaita. Sheria ya matundu iliwafikia kama amri ya mkoloni, ingawa maarifa yaliyoizaa yalikuwa sahihi. Sheria isiyokuwa na masikio haipati miguu: usimamizi wake ulikuwa mgumu siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Raymond Beverton, mwandishi pamoja na Sidney Holt wa kitabu kikuu cha 1957 juu ya hesabu za akiba za samaki, alikuja naye kuchunguza ziwa. Toka wakati huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katazo liliondolewa, nyavu za matundu madogo zikaenea, na ngege wakazidi kuadimika, hata kabla ya sangara aliyeletwa ziwani kuenea na kubadilisha kila kitu. Leo ngege wa asili hupatikana zaidi katika vijiziwa vya kandokando kuliko katika ziwa lenyewe.

Graham alirudi kwao, na mwaka 1943 aliandika kitabu ambamo alitoa kile alichokiita sheria kuu ya uvuvi: uvuvi usio na kikomo huishia kukosa faida. Sentensi hiyo inamgeuza Huxley juu chini. Huxley aliliona jambo hilohilo akaliita kinga ya samaki. Graham aliliita maangamizi ya mvuvi.

8. Toka heringi hadi 2020

Samaki ambao Huxley aliwataja kwa jina kuwa hawamaliziki walikuwa heringi. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyavu za kuzungushia, zinazovutwa kwa mitambo, ziliwavua kwa kiasi ambacho karne ya 19 haikuweza kukiota. Mwaka 1977 uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulifungwa, na haukufunguliwa kikamilifu hadi miaka ya 1980. Inafaa kukumbuka pia kwamba heringi walirudi. Bahari iliyopumzishwa ilipona, kama ilivyopona mwaka 1918.

Tangu 1983 Uingereza ilifuata siasa ya pamoja ya uvuvi ya Ulaya, na kazi ya Bunge ikawa kukagua maamuzi yaliyofanywa kwingine. Mwaka 1996 kamati ya sayansi na teknolojia ya Baraza la Malodi ilitoa taarifa juu ya hifadhi ya akiba za samaki, nayo iliweka wazi kwamba vyombo vilikuwa vingi kupita uwezo wa bahari. Nchi ilipotoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, Bunge lilirudishiwa swali lake lote. Mnamo Juni 2020 Malodi waliingiza katika mswada wa uvuvi kifungu kilichofanya uendelevu kuwa lengo la kwanza kupita malengo mengine. Baraza la Makabwela, ambako serikali ilikuwa na wingi wa kura, lilikiondoa kifungu hicho. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 23 Novemba 2020 ina malengo 8: uendelevu umo, tahadhari imo, ushahidi wa kisayansi umo, na manufaa ya taifa yamo, lakini hakuna lililotamkwa kuwa ndilo kubwa.

9. Hitimisho

Historia hii ya zaidi ya miaka 150 inaonyesha mambo matatu.

La kwanza, kusikiliza hakutoshi. Tume ya 1863 ilisikiliza kuliko zote zilizoifuata, ikakosea kuliko zote, kwa sababu haikuwa na kipimo cha kutenganisha wingi wa samaki na wingi wa mashua. Garstang hakuwahoji watu wengi. Aligawanya hesabu moja kwa nyingine.

La pili, kipimo peke yake nacho hakitoshi. Kamati ya 1900 ilikuwa nacho mkononi, ikakubali hali ni mbaya, ikaahirisha. Kila mara mzigo wa kuthibitisha ulipowekwa juu ya yule anayetaka bahari ilindwe, shaka yoyote ya wataalamu iligeuka kuwa ruhusa ya kuendelea kuvua. Sayansi ikaombwa ilete hakika ambayo bahari haitoi. Kanuni ya tahadhari iliyoandikwa katika sheria ya 2020 ina maana hiyo hasa: mzigo umeanza kuhamishwa. Kama utahamishwa kweli, kitu kitakachoamua ni mpangilio wa malengo yale 8 siku yatakapogongana, na mpangilio huo Bunge lilikataa kuuandika.

La tatu linahusu shahidi. Wavuvi wa mishipi wa 1863 walijua jambo wasiloweza kulieleza, na kwa kuwa hawakuweza kulieleza hawakusadikiwa. Miaka 30 baadaye washindani wao walikuja kusema maneno yaleyale, wakasadikiwa nusu. Wavuvi wa Nyanza hawakuitwa kabisa. Pasipo mvuvi, mtaalamu hajui pa kuanzia. Pasipo mtaalamu, mvuvi hana namna ya kuonyesha kwamba kile alichokiona ni kweli. Bunge linalowaita wote wawili, likawasikiliza mbele ya kipimo kimoja, ndilo linaloweza kujua gogo limebaki kiasi gani kabla bandu la mwisho halijaanguka.